Kompyuta ya Nyumbani: Mpya au Iliyokwisha Tumika?

(Haya ni maneno ya mwenzetu wa idara ya mabehewa, aliyoyasema mbele ya wanachama waliokusanyika Emali. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, kwa kuwa wanachama wengi wa Kibwezi na Mtito Andei, na wale wenye nyumba zao upande wa Kitui, walikuwa kazini wasiweze kuja.)



Katibu amenipa nusu saa niseme habari za kompyuta. Niliona wengine wakicheka, kwa kuwa mnajua kazi yangu ni breki na magurudumu. Mimi sikusomea kompyuta. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na huko tulikuwa na mashine moja tu, nayo ni cherehani ya mke wa mwalimu. Lakini Katibu alinichagua kwa sababu mimi nimekwisha kupoteza fedha katika jambo hili, na aumwaye na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Jambo lenyewe mnalijua. Mezani kwa Katibu ziko karatasi mbili. Ya kwanza imetoka kwa mwuza laptopu mpya. Anasema kila mwanachama atapewa moja leo, kisha akatwe Sh. 3,000/- katika mshahara kila mwezi kwa miezi 18. Ya pili imetoka kwa mwuza laptopu zilizotumika Ulaya katika maofisi, zikasafishwa na kutengenezwa. Yeye anataka Sh. 29,000/- taslimu, naye anatoa garantii ya miezi sita. Mkutano ujao tutapiga kura tawi liandikiane na nani, au tusiandikiane na yeyote. Watu zaidi ya arobaini wamekwisha toa majina yao, na wengi wao wametaka ile mpya.

Sitawauliza kama kompyuta inahitajiwa nyumbani. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni mnapanga foleni saiba kupeleka hesabu ya kodi kwa iTax, na kijana mgeni anaishika namba yenu ya siri mkononi kama tiketi. Mtoto akitaka kuomba nafasi ya chuo, ni saiba. Cheti cha kuzaliwa, ni saiba. Mtu wa Ikutha au Mutomo hulipa nauli kwanza ndipo alipe saiba. Mke wangu huuza pojo, na hesabu za magunia amekuwa akiziandika nyuma ya kalenda. Basi hitaji lipo. Shida ni kununua.

Nitaanza na ile mpya, kwa kuwa ndiyo inayopendwa. Mzee mmoja wa tawi letu alisimama mara iliyopita akasema: mfanya kazi naye anastahili kitu kipya, kwa nini sisi tuvae nguo za mtumba, tupande magari ya mtumba, na sasa watoto wetu wasomee kompyuta za mtumba? Watu walipiga makofi, na mimi pia nilipiga, maana maneno hayo yana haki ndani yake. Lakini nilipofika nyumbani niliisoma ile karatasi tena, polepole, nikaona kwamba mzee alikuwa akisifu neno "mpya" wala hakutazama kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni hiki. Prosesa yake ni Celeron N4020. Memori ni GB 4. Diski ni GB 64, ya namna iitwayo eMMC, nayo imepigwa risasi kwenye ubao, haiwezi kutolewa ikatiwa nyingine. Memori mara nyingi ni vile vile. Hii ni miongoni mwa kompyuta dhaifu kabisa zinazouzwa kwa jina la mpya. Windows 11 inaikubali, ndiyo, lakini inakubali kama behewa bovu linavyokubali kuvutwa: linakwenda, bali treni nzima inalingoja. Microsoft yenyewe inasema Windows 11 inataka diski ya GB 64 kwa uchache na memori ya GB 4 kwa uchache. Basi hapa umenunua kitu kilicho kwenye uchache tangu siku ya kwanza. Mwenzetu mmoja wa Mtito Andei alinunua ya namna hiyo. Mwezi wa saba ikamwambia diski imejaa, haiwezi kupokea marekebisho, naye hakuwa ameweka humo ila picha za arusi na masomo ya mtoto. Fundi alimwambia hakuna la kubadili. Sasa imekaa juu ya kabati, bado inang'aa.

Tena tazameni hesabu. Sh. 3,000/- mara 18 ni Sh. 54,000/-. Mimi niliuliza bei ya kitu kile kile katika maduka mawili ya Nairobi, nikaambiwa Sh. 33,000/- taslimu. Basi Sh. 21,000/- ni bei ya kungoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote ya mshahara kwa pamoja yasizidi theluthi mbili. Wako kati yetu ambao mkopo wa ushirika na karo vimekwisha wafikisha ukingoni. Mtu wa namna hiyo akijiandikisha, ama atakataliwa na kuaibika, ama atatafuta njia ya kuficha, na njia ya kuficha tunaijua inavyoishia.

Basi mtasema, huyu ametumwa na yule wa mitumba. Hasha. Ngojeni niwaambie yaliyonipata.

Mwaka 2023 nilinunua laptopu iliyotumika kwa mtu mmoja Nairobi, Sh. 22,000/-. Ilikuwa nzuri kwa macho, ya chuma, kibodi haina herufi iliyofutika. Niliileta Emali nikiwa nimeipakata kama mtoto. Mwezi mmoja binti yangu aliitumia. Kisha ikawa nzito, fundi akasema tuifute yote tuanze upya. Ilipowaka, iliandika jina la kampuni ya ng'ambo, ikataka barua pepe ya mfanya kazi wa kampuni ile na namba yake ya siri. Tulizima, tukawasha, jina lile lile. Fundi akanieleza kwamba kampuni kubwa huandikisha kompyuta zao, na isipokuwa kampuni yenyewe imeiondoa katika daftari lake, kila ikifutwa na kukutana na intaneti itawaita wenyewe. Labda kampuni iliisahau. Labda iliibwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba huenda binti yangu alikuwa akisomea mali ya wizi, nami sikuwa na risiti, nina namba ya simu tu ambayo haikupokelewa tena. Niliiuza vipande vipande: kioo, kibodi, memori. Nilipata Sh. 6,000/-.

Na hata isingefungwa, ilikuwa na kasoro ya pili ambayo sikuijua. Prosesa yake ilikuwa i5-6300U. Sikilizeni hapa vizuri. Baada ya kile kistari, tarakimu ya kwanza ni 6, maana yake ni kizazi cha 6 cha Intel. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Ukiona i5-8250U, hicho ni cha 8. Ukiona i5-10210U, ni cha 10. I5-1135G7 ni cha 11. Na Windows 10, ambayo mashine yangu ingeiweza, Microsoft iliacha kuipa marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyejiandikisha aliongezewa muda hadi 13 Oktoba 2026 tu. Siku ile kompyuta hazikuzimika, msidanganywe. Lakini kompyuta isiyopata marekebisho ni kama nyumba ambayo kufuli lake limekwisha julikana na wezi, nawe unaingia humo na namba ya benki.

Kwa sababu hiyo hiyo sasa mitumba imejaa sokoni. Makampuni ya Ulaya na Marekani yaliondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa wingi, nazo zinatafuta kwa kwenda. Ukiambiwa "Core i5, GB 8, Sh. 18,000/-", uliza kizazi kabla ya kuuliza rangi. Neno "Core i5" peke yake halina maana yoyote. Ni kama kusema "garimoshi" bila kusema la mwaka gani. Anayetaka kweli kununua ya kizazi cha 6 kwa bei ya chini anaweza kutiwa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na hupata marekebisho, na kwa kuandika na kusoma intaneti zinatosha kabisa. Lakini anunue akijua, wala asiambiwe siku ya pili.

Sasa, ndugu zangu, turudi kwenye neno la mzee, la heshima. Reli yetu yenyewe ina mambo yote mawili. Mwaka 2017 treni za SGR zilianza kupita hapa Emali zikivutwa na injini mpya kutoka China. Mwaka 2020 Kenya Railways ililetewa treni 11 za dizeli kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, za kuchukua watu wa Nairobi asubuhi na jioni, nazo zilikuwa zimekwisha fanya kazi kule. Kulikuwa na kelele nyingi juu ya bei na umri wake, na kelele ile ilikuwa ya haki, maana mwenye kununua kilichotumika lazima aulizwe. Lakini abiria wa asubuhi hakuuliza imezaliwa lini. Aliuliza kama itafika. Sisi wa mabehewa hatusaini behewa kwa rangi. Wazee wetu walipita na nyundo, wakagonga gurudumu, wakasikiliza. Lililopasuka halilii kama zima. Nami nataka tuinunue kompyuta hivyo hivyo.

Kwanza tutenganishe maneno. Kuna kilichotumika, yaani kimetoka ofisini kikaingia kontena, kikatoka kontena kikaingia dukani. Na kuna kilichotengenezwa upya, yaani mtu amekifungua, akasafisha vumbi, akabadili sehemu mbovu, akafuta mambo ya mwenyewe wa kwanza, akakijaribu, akaandika garantii. Wauzaji wetu huviita vyote kwa jina moja. Swali la kumwuliza ni moja: ulibadili nini? Asiyeweza kujibu hakubadili kitu, alipangusa tu.

Betri ndiyo ugonjwa mkubwa. Lakini betri hupimwa, haikisiwi. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike powercfg /batteryreport, nayo itakuandikia karatasi: betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani, na leo inashika kiasi gani. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na sasa inashika 40,000, chukua. Ikiwa inashika 20,000, mwambie muuzaji aweke nyingine au apunguze bei ya betri mpya. Muuzaji mwenye haya atakuheshimu ukiandika amri ile mbele yake. Asiye na haya atakuambia umeme umekatika.

Diski nayo iwe SSD, ile isiyozunguka, GB 256. Iko programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya yake. Memori iwe GB 8. Andika tpm.msc, uone 2.0. Kisha, na hili ndilo lililonitia hasara, mwambie aifute na kuiwasha upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, hata kama itachukua saa nzima na yeye ana wateja. Likitokea jina la kampuni, ondoka. Mwisho chukua risiti yenye namba ya mashine. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, lakini bila risiti utaanzia wapi?

Nimesema habari za ndani. Sasa habari za kwetu, kwa maana Kitui na Makueni si Nairobi. Joto letu mnalijua, na vumbi jekundu la Oktoba kabla ya mvua huingia hata kwenye sanduku la Biblia. Kompyuta hupoa kwa feni ndogo, na feni ikijaa vumbi mashine huchemka na kulegea, mwenyewe akidhani imezeeka. Mashine za ofisini nyingi hufunguka kwa bisibisi, fundi akasafisha na kubadili ile dawa ya kupoza juu ya prosesa. Vipuri vyake ni vingi, kwa kuwa ziliuzwa kwa maelfu. Kioo au kibodi hupatikana Nairobi na kuletwa na matatu jioni ile ile. Zile mpya za bei ya chini hazikuundwa ili zitengenezwe.

Na wasio na stima? Wengi wa upande wa Kitui wana jua tu. Hapa namwomba kila mmoja asishawishiwe na kompyuta ya mezani, hata ikiwa ni ya bei ya nusu. Hesabu ni nyepesi. Laptopu ikila wati 20 kwa saa nne, ni wati-saa 80. Ya mezani pamoja na kioo chake ikila wati 120 kwa saa nne, ni 480. Betri ya jua ya volti 12 na Ah 100 ina 1,200 kwa karatasi, na ya risasi na asidi ukiitumia kupita nusu unaiua mapema. Ya mezani basi itakula karibu yote, na nyumba italala gizani. Tena stima ikikatika, ya mezani huzimika na kazi yako, na stima ikirudi kwa kishindo huweza kuichoma. Laptopu huendelea kwa betri yake. Vile vifaa vidogo vya jua vya taa tatu na kuchaji simu haviwezi laptopu yoyote, mpya wala kuukuu. Msijaribu.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni: basi hakuna anayepaswa kununua mpya? Yuko. Mtu anayeishi mbali kabisa, kama Kyuso au Mutha, ambako fundi ni safari ya siku, na ana fedha taslimu za mashine mpya yenye nguvu, ya memori GB 8 na SSD, aliyopewa garantii ya mwaka: huyo anunue mpya na alale. Mwenye mtoto anayeingia chuo miaka minne kusomea uinjinia, naye akiweza, anunue mpya, maana ya kizazi cha 8 ilitengenezwa karibu mwaka 2018, na sijui mtu wa kuapa kwamba Windows ya miaka ijayo haitaikataa kama hii ilivyoikataa ya 6. Hilo ni deni lililofichwa ndani ya kila kilichotumika, nami nisingalitaja ningekuwa dalali. Lakini mashine mpya yenye nguvu, bei niliyoambiwa ilianzia Sh. 75,000/-. Katika chumba hiki ni wangapi? Kati ya mpya dhaifu kwa Sh. 54,000/- na ya ofisini yenye nguvu kwa Sh. 29,000/-, mimi sioni shindano. Tena zinabaki Sh. 25,000/-, za betri mpya siku itakapohitajiwa, na mfuko wa kuitia.

Liko jambo moja bado linanisumbua, nami sitalificha. Kila kompyuta tunayoileta kutoka Ulaya siku moja itakufa hapa, wala haitarudi Ulaya. Uganda mwaka 2009 ilitangaza kuzuia mashine zilizotumika kwa hofu hiyo, ya kuwa jaa la wengine. Ndani yake mna risasi na vitu vingine vya sumu, na nimeona vijana wakichoma nyaya karibu na reli ili wapate shaba, watoto wakicheza katika moshi. Nairobi kiko Kituo cha WEEE kinachopokea vitu hivi na kuvivunja kwa utaratibu. Tukinunua kwa pamoja, tuweke pia pahali pamoja pa kukusanya zilizokufa, na za kwetu za sasa, simu na redio, tuzipeleke gari moja likijaa. Si kazi ya ziada. Ni sehemu ya kununua.

Basi maoni yangu ni haya. Karatasi ya kwanza tuirudishe kwa adabu. Ya pili tusiitie sahihi bado. Muuzaji atuonyeshe mashine zenyewe, si picha, nasi tukague kila moja kwa njia niliyosema, tukiandika namba yake, kizazi chake, na betri inashika kiasi gani. Itakayoshindwa ibaki kwake. Garantii ya miezi sita tuiombe iwe mwaka. Watu arobaini wana sauti ambayo mtu mmoja na laptopu yake kifuani hakuwa nayo. Na asiyeweza Sh. 29,000/- kwa mara moja aanze kuweka akiba kwa Mweka Hazina tangu sasa. Pojo za mvua ya Oktoba zikivunwa Januari, wengi watakuwa wamefika, nasi tutanunua kwa mafungu mawili.

Fundi wa hapa Emali amekubali kufuatana nasi siku ya kukagua, kwa posho ya siku moja. Nahitaji wanachama wawili zaidi, mmoja wa upande wa Kitui. Herufi za chini ya laptopu ni ndogo mno, na macho yangu yamekwisha haribiwa na taa ya kukagulia mabehewa usiku. Mwenye macho mazuri ainue mkono, Katibu ana kalamu.